Kuku wa saa tano na nusu: jibu kwa dada anayetaka kufungua mgahawa Columbus

Swali: "Assalaam aleikum kaka mpishi. Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa, tuko Columbus, Ohio, huu mwaka wa tisa. Karibu na kwetu kuna mgahawa mdogo wa Kimediterania: kuku wanazunguka dirishani, mishkaki, wali, na hummus ya dengu za kusaga. Kila Ijumaa tuko pale na watoto. Sasa tumepata nafasi iliyokuwa duka la piza, na mwenye jengo anataka tutie saini ya miaka mitano mwezi ujao. Taabu yangu ni kwamba nikijaribu nyumbani, kidari kinakauka kabla paja halijaiva, kababu za kwenye vyuma zinadondoka motoni, na ule mchuzi mweupe wa kitunguu thomu unakatika. Wanatia viungo gani ambavyo mimi sivijui? Na je, tutie saini?"

Jibu: Wa aleikum salaam, dada yangu. Nianze na saini, maana hiyo ndiyo yenye haraka. Usitie bado.

Mwenye jengo atakwambia bomba la moshi lipo. Huenda lipo kweli, ila moshi wa piza na moshi wa mishkaki si mmoja. Nyama inadondosha mafuta motoni, mafuta yanapanda na moshi, yanaganda ndani ya bomba, na siku yakishika moto yanawaka mpaka paani. Kwa hiyo utatakiwa uwe na hudi, yaani kofia ya kuvuta moshi juu ya jiko, na iwe ya daraja la kwanza, ile ya moshi wa mafuta, yenye vichujio vya chuma na mfumo wa kuzima moto unaojifyatua wenyewe juu ya majiko. Ile ya daraja la pili, inayotoa joto na mvuke tu, haitakufaa. Na kama roho yako iko kwenye mkaa, ujue kwamba kanuni ya moto inayoitwa NFPA 96 inataka jiko la mkaa au kuni liwe na bomba lake peke yake, lisichanganywe na majiko ya gesi. Ndiyo maana migahawa mingi ya mitaani inachoma kwa gesi na kuacha mkaa ubaki kwenye picha ya ukutani. Kuweka hudi mpya hadi juu ya paa ni maelfu mengi ya dola, na mara nyingi inaizidi bei mashine ya kuku yenyewe.

Fanya hivi: chukua ramani ya chumba na orodha ya vyakula unavyotaka kupika, nenda idara ya afya ya mji na idara ya majengo kabla ya mkataba, waulize nini kitatakiwa. Waulize na mtego wa mafuta kwenye bomba la maji machafu, maana huo watu huusahau. Kisha mwambie mwanasheria aandike kwenye mkataba kwamba vibali vikikosekana mnatoka bila deni. Mwenye jengo akikataa sharti hilo, basi anajua jambo kuhusu bomba lake ambalo wewe hujaambiwa.

Haya, viungo. Nimesimama kwenye majiko ya aina hii miaka kumi na tisa, kwanza Muscat, baadaye Dearborn kule Michigan, na hili ndilo swali nililoulizwa kuliko yote. Mtu ananusa harufu mlangoni, anadhani kuna kopo la siri limefichwa chini ya meza. Kuku wengi niliowapika walitiwa chumvi, kitunguu thomu, limau, paprika, pilipili manga, na ile bizari ya mchanganyiko Waarabu wanaita viungo saba. Mtu wa Mombasa hana cha kujifunza hapo, kabati lako lina zaidi. Tofauti yako na wao ni saa. Kuku wao alitiwa chumvi jana jioni, ameingia motoni saa nne asubuhi, ametoka saa tano na nusu, na saa sita adhuhuri yuko kwenye sahani ya mtu. Kazi yote ya mgahawa huu ni kupunguza muda kati ya kuku kuiva na kuku kuliwa. Ukishika hilo, mengine ni mapishi tu.

Niseme kidogo kuhusu hilo jina, kwa sababu litakusaidia kupanga orodha ya vyakula. "Mediterania" Marekani ni mwavuli. Chini yake utamkuta Mlebanoni, Mturuki, Mgiriki, Mpalestina, Muarmenia, hata Muirani ambaye nchi yake haigusi bahari hiyo kabisa. Jina linauzika, halimtishi jirani asiyeijua Beirut, na linabeba sifa za afya zilizoanza pale mtafiti Ancel Keys na wenzake walipolinganisha ulaji wa nchi saba kuanzia 1958. UNESCO nayo iliutia ulaji huo kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2010. Lakini kuku wa kuzunguka na mchuzi wa kitunguu thomu ni wa Lebanoni na jirani zake hasa. Zankou Chicken, migahawa ambayo Los Angeles inajulikana na kila mtu, ni ya familia ya Kiarmenia iliyoanza na duka dogo Bourj Hammoud, pembeni mwa Beirut, mwaka 1962. Waliingia Hollywood 1984, wakajulikana kwa vitu viwili: kuku, na ule mchuzi mweupe. Orodha yao ya mwanzo haikuwa ndefu. Yako pia isiwe ndefu.

Sasa kidari. Tatizo lako si la uzembe, ni la mwili wa kuku mwenyewe. Nyama ya kuku Marekani inatakiwa ifike nyuzi 165 za Fahrenheit, yaani 74 za Selsiasi. Kidari kikifika hapo kiwe kimetosha, kila uzi wa ziada ni maji yanayotoka. Paja kwenye 165 ni salama, ila bado linavutana. Lina nyuzinyuzi zinazolainika vizuri likikaribia 180. Una nyama mbili zenye mahitaji mawili kwenye mfupa mmoja. Mashine inasaidia kwa kuzunguka: kila upande unaonja moto sekunde chache kisha unapumzika, joto linaingia polepole, na mafuta yanayotoka hayadondoki mara moja bali yanatambaa juu ya ngozi na kumpaka kuku mwenyewe. Kwenye oveni yako ya nyumbani hakuna hilo. Basi mlaze kuku kifudifudi nusu ya kwanza, miguu ielekee nyuma ya oveni kwenye moto zaidi, kisha umgeuze.

Chumvi ndiyo bima ya kidari. Kuku wa kilo moja na nusu anataka kama gramu 18, kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa. Mpake nje na ndani, muweke kwenye friji bila kumfunika mpaka kesho. Chumvi inaingia ndani na kuifanya nyama ishike maji yake. Ngozi nayo inakauka, na ngozi kavu ndiyo inayokaangika ikawa nyekundu. Limau na paprika mtie asubuhi. Wengi wanafanya kinyume: limau usiku kucha, chumvi dakika ya mwisho, halafu wanashangaa nyama imekuwa kama chaki. Kabla hajapanda kwenye chuma, mfunge kamba miguu na mabawa. Bawa lililoachwa likining'inia linaungua saa nzima kabla mwili haujaiva, na kuku asiyefungwa anacheza kwenye chuma, chuma kinazunguka yeye amesimama.

Mzee mmoja wa Kilebanoni aliyenifundisha kazi hakuwa akitumia kipimajoto mpaka mkaguzi alipomlazimisha. Alikuwa anashika ncha ya mguu kwa taulo na kuuzungusha taratibu. Ukizunguka kama kitasa kilicholegea, anamshusha. Kisha anamwinamisha juu ya trei, maji ya tumboni yanamwagika, anayaangalia rangi, anaguna. Ilikuwa raha kumtazama. Kipimajoto kilipokuja kilimthibitisha karibu kila siku, na siku mbili tatu kikamkosoa, kuku ambao maji yao yalikuwa meupe kabisa. Rangi inadanganya, dada. Jifunze mkono wake, lakini chomeka kipimajoto kwenye paja penye nyama nene, kisiguse mfupa, na uandike namba.

Baada ya hapo saa inaanza kukimbia. Kuku apumzike dakika kumi au kumi na tano kabla ya kukatwa. Akisubiri mteja, kanuni ya mfano ya FDA, idara ya chakula na dawa ya Marekani, ambayo majimbo huitumia kutunga kanuni zao, inataka chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 135, yaani 57 za Selsiasi. Hiyo ni sheria ya usalama. Utamu una sheria yake, nayo ni kali zaidi: baada ya saa moja hivi kwenye kabati la joto kidari kinaanza kuchoka, na ngozi inalegea kwa mvuke. Kwa hiyo usijaze mashine. Mashine ina nafasi ya kuku ishirini na nne, wewe ni mgeni mtaani, ukiwapandisha wote saa nne asubuhi kwa sababu wanapendeza dirishani, saa tisa utakuwa unauza mbao.

Ratiba niliyoizoea kwa mgahawa wa viti thelathini ni kama hivi. Kundi la kwanza linaingia saa nne, linatoka saa tano na nusu kwa watu wa mchana. La pili linaingia saa tano, linatoka saa sita na nusu. Alasiri imelala, acha kuku wanne tu wazunguke ili dirisha lisife. Saa tisa na nusu unapandisha wa jioni, watoke saa kumi na moja watu wanapotoka kazini; saa kumi na moja kundi lingine; na la mwisho saa kumi na mbili, litoke saa moja na nusu. Baada ya hapo, jifunze kusema "wameisha". Neno hilo linamuuma mwenye duka mpya kama jino, lakini mteja aliyeambiwa wameisha leo atawahi kesho, na aliyepewa kidari cha saa tatu zilizopita hatakwambia kitu, atapotea tu. Ramadhani ratiba hii itupe: wote wanakuja ndani ya robo saa moja kabla ya magharibi, basi chukua oda tangu mchana.

Waliobaki usiwarudishe kesho kama wazima. Wachambue wangali na joto, tandaza nyama kwenye trei za kina kifupi, iingie friji. Sheria inataka ishuke kutoka 135 hadi 70 ndani ya saa mbili, kisha hadi 41 ndani ya saa nne nyingine. Sufuria kubwa iliyojaa haiwezi kufanya hivyo hata ukiiombea dua. Kesho yake nyama hiyo ni supu, au inakunjwa ndani ya mkate na achari, baada ya kupashwa mpaka 165. Mifupa ni mchuzi wa kupikia wali. Hapo ndipo faida ilipojificha, maana kuku mzima hatakupa faida kubwa. Costco, yale maduka makubwa ya jumla, wanauza kuku wa kuzunguka kwa dola 4.99 tangu 2009, na hawatafuti faida kwake. Ni chambo cha kukuingiza ndani ukanunue televisheni. Usishindane na chambo. Wewe unauza nusu kuku na wali, mchuzi mweupe, achari ya rangi ya waridi na mkate wa moto, na mtu anayejua jina la mtoto wa mteja.

Mishkaki ni habari nyingine kabisa. Haisubiri kabatini, inachomwa mteja akishaagiza, na inaiva kwa dakika, kwa hiyo ndiyo inayokuokoa kuku wanapokuwa bado wanazunguka. Waomani nao wanaiita mishkak, kwa hiyo nilipofika Muscat nilijiona niko nyumbani, na kujiona nyumbani ndiko kulikoniponza. Kwetu Tanga, kama kwenu, nyama ngumu inalainishwa kwa papai bichi. Siku moja nikaona nilete ujuzi wa pwani: nikasaga papai, nikachanganya na vipande vya vidari vya kuku, trei nne, nikaenda kulala. Asubuhi nikachukua kipande kukichomeka, chuma kikapita kama kwenye uji. Papai linatafuna nyama lenyewe, na kuku hana cha kutafunwa usiku mzima. Kwa mishkaki ya kuku, ile wanayoiita shish tawook (tawook ni tavuk ya Kituruki, kuku), tumia mtindi, kitunguu thomu, limau kidogo, na nyanya ya kopo kijiko kimoja. Mtindi una ukali wa upole, unaweza kulala nao. Papai liwekee nyama ya ng'ombe, nusu saa, basi.

Kababu zako zinadondoka kwa sababu unazifikiria kama kababu za Mombasa, zile za kukaanga, ambazo mafuta yanazishika pande zote mara moja. Ya kwenye chuma inaning'inia hewani, inajishikilia yenyewe. Anza na nyama yenye mafuta, kama sehemu moja kati ya tano. Nyama kavu haishikani. Kitunguu maji kikune, kisha kikamue kwenye kitambaa mpaka mkono uume, maana maji ya kitunguu ndiyo adui wako mkubwa. Tia chumvi, kisha kanda. Kanda kama unga wa chapati, dakika nane au kumi, mpaka nyama ibadilike, inate mkononi, ukiigeuza kiganja chini isianguke. Chumvi na kukanda vinatoa ute wa nyama unaofanya kazi ya gundi, ndiyo maana hawaweki yai wala makombo ya mkate. Iweke friji saa moja au mbili. Kisha itandaze kwenye chuma bapa, kipana kama vidole viwili vyembamba; kwenye kile cha duara nyama inazunguka bure. Ibonyeze kwa vidole uache mistari, na ncha zote mbili zikaze zikiwa nyembamba. Usiilaze juu ya wavu, itanata. Weka vyuma vyenyewe juu ya kingo mbili, nyama iwe hewani juu ya moto, na geuza upesi, baada ya sekunde chache tu, ili upande wa chini uwahi kukamatana. Nyama ya kusaga ifike nyuzi 160. Mlebanoni atatia majani ya pasli na viungo saba aiite kafta. Muirani atabaki na kitunguu, chumvi na pilipili, aiite koobideh, na mezani anyunyize sumaki, unga mwekundu mchachu. Si sumaku, mwambie mume wako mapema asije akaagiza vyuma.

Ule mchuzi mweupe unaitwa toum, na toum ni kitunguu thomu tu, neno ni hilohilo la Kiarabu tulilolichukua pwani. Unakatika kwa sababu unamimina mafuta kwa haraka, au vyote vina joto. Saga kikombe kimoja cha punje zilizomenywa pamoja na kijiko kidogo cha chumvi mpaka ziwe laini kabisa, kwangua kuta za mashine mara mbili tatu. Kisha mafuta yasiyo na harufu, vikombe vitatu, kwa uzi mwembamba kama wa kushonea, na kila baada ya nusu kikombe tia kijiko cha limau. Mafuta ya zeituni usitumie hapa, mashine inayafanya machungu. Ukikatika usiutupe: weka kwenye mashine tupu kijiko cha maji ya barafu na punje mbili za kitunguu zilizosagwa, halafu rudisha ule uliokatika kidogokidogo kama mafuta mapya. Na ukae friji wakati wote, kwa sababu kitunguu thomu ndani ya mafuta, mahali pa joto, ni makao ya kijidudu cha botulizimu, ile sumu ya chakula inayoweza kuua.

Hummus sitakaa nayo sana. Loweka dengu usiku, chemsha na magadi kidogo mpaka zipondeke kwa kidole, saga na ufuta uliosagwa na maji ya barafu. Dengu ninazosema ni zile nene za rangi ya maziwa; Mkenya wa bara ukimwambia dengu atakuletea choroko. Halali nayo: utaulizwa kama ni ya kuchinjwa kwa mkono au kwa mashine, basi mjue muuzaji wako na ubandike cheti chake ukutani, jibu liwe moja kwa kila mfanyakazi.

Kabla ya mwezi ujao, Ijumaa hii, nendeni kwenye mgahawa wenu kama kawaida, lakini wewe ukae meza iliyo karibu na mashine, na daftari. Kaa tangu saa kumi na moja jioni. Andika kuku wanapopanda, wanaposhuka, wangapi wanaondoka na mteja na wangapi wanaingia kabatini. Andika mishkaki mingapi inaagizwa kwa kila kuku mmoja. Watoto wale, waende nyumbani na baba yao. Wewe baki mpaka saa mbili usiku, kisha agiza kidari.